Sentimita Mbili za Mvua

Ilikuwa saa tisa usiku, katikati ya masika, niliposikia mama akiniita kutoka chumba kipya. Hakupaza sauti. Aliniita mara moja tu, kwa lile jina la utotoni ambalo siku hizi hulitumia akiwa anaumwa au ana hofu, kisha akasema: "Njoo, mwanangu. Mvua imefika kitandani."

Umeme ulikuwa umekatika. Nilikwenda nikipapasa ukuta, nikawasha tochi ya simu mlangoni. Mama alikuwa ameketi katikati ya kitanda, amekunja miguu ndani ya kanga, fimbo yake ameilaza mapajani. Maji yalikuwa yakiteremka ukutani chini ya dirisha kwa mstari mmoja mpana, bila kudondoka, kama jasho la mtungi. Mkeka ulishaloa. Nikasogea nikamulika pale fremu ya alumini inapokutana na plasta. Palikuwa na ufa kutoka kona hadi kona. Nikaingiza kidole cha shahada. Kikazama chote, na ncha yake ikagusa upepo wa nje.

Chumba kile kilikuwa na miezi mitatu. Tulikijenga kwa akiba ya miaka miwili, kwa ajili ya mama peke yake, maana magoti yalikuwa yamemchosha na baridi ya kwao Makambako, anakolima, ilikuwa inamzidi. Mimi ndiye niliyekichora. Nilipopiga magoti usiku ule nikikamua dekio kwenye ndoo, nilikuwa natafuta kosa la mafundi. Sikujua bado kwamba kosa lilianzia kwenye karatasi yangu.

Tunaishi Kibaha, Maili Moja. Jina hilo nimelitamka maelfu ya mara kwa makondakta bila kusikia kilichomo ndani yake. Dodoma wana Maili Mbili, Moshi wana Maili Sita, na hakuna dereva anayepita huko akihesabu maili. Vibao vya barabarani ni kilomita, gari linahesabu kilomita, watoto shuleni wanafundishwa kilomita. Maili imebaki kwenye jina la stendi. Lakini vipimo vya zamani havikubaki kwenye majina peke yake. Vimo ndani ya kuta zetu, na mimi nimevilipia.

Karatasi yenyewe niliichana kwenye daftari la kitinda mimba wangu. Niliandika hivi: chumba, 10 kwa 12. Mlango, 3 kwa 7. Dirisha, 4 kwa 5. Sikuandika neno futi popote. Baba Watoto aliitazama akasema imetulia. Kwetu chumba ni kumi kwa kumi na mbili na kila mtu anajua ni nini, kama vile ukimwambia mtu kitanda cha tano kwa sita hakuulizi tano ya nini. Nikaipiga picha, nikawatumia mafundi watatu: mwashi, fundi wa madirisha ya alumini na fundi bomba. Kila mmoja alijibu kwa wakati wake, na hakuna siku hata moja walipokutana wote watatu pale kiwanjani.

Nimeitunza risiti ya duka la vifaa vya ujenzi, na kila nikiisoma nastaajabu kwamba nyumba zetu husimama. Saruji, mifuko ya kilo 50. Nondo za milimita 12. Mbao mbili kwa nne, maana yake inchi, za urefu wa futi 12. Misumari ya inchi 4, inayopimwa kwa kilo. Bati za geji 28, zinazouzwa kwa mita. Rangi, ndoo ya lita 20. Bomba la nusu inchi, ambalo ukilishika ubavuni limeandikwa milimita 20. Mchanga, tripu moja. Matofali yalikuwa ya inchi 6. Na kiwanja tunachojengea tuliuziwa kwa hatua, hatua za miguu ya mzee aliyetuuzia, kabla mpima hajaja kuzigeuza mita za mraba kwenye hati. Muuza duka hakukosea chochote. Ndivyo bidhaa zinavyokuja, na ndivyo sisi tunavyoziita.

Mwashi alikuja na futi kamba yake. Hata chombo chenyewe tumekipa jina la futi. Utepe wake wa chuma una nyuso mbili upande mmoja: ukingo wa juu umepangwa inchi na futi, ukingo wa chini sentimita. Mwashi amesoma ukingo wa juu maisha yake yote. Aliacha tundu la dirisha la futi 4 kwa futi 5, na alilipima kwa uangalifu. Nilimwona akilirudia mara mbili, kidole gumba kimekandamiza ncha ya utepe, penseli sikioni.

Siku nne baadaye fundi wa alumini alinipigia simu nikiwa kazini. "Dada, hii nne kwa tano yako, mimi huku mashine yangu inakata kwa sentimita. Niandike mia moja ishirini kwa mia moja hamsini?"

Nikasema, "Sawa, fundi."

Nilijibu kabla hajamaliza kupumua, kwa sababu kila aliyepita shuleni anajua kwamba futi moja ni sentimita 30. Rula ya mtoto inaonyesha hivyo. Lakini futi moja si sentimita 30. Ni sentimita 30.48. Hiyo nukta na kinachoifuata ndiyo iliyomlowesha mama yangu. Futi 4 ni sentimita 121.92, na futi 5 ni 152.4. Dirisha lililokuja lilikuwa 120 kwa 150, limenyooka, limekatwa vizuri, likaingia kwenye tundu likiwa na nafasi ya karibu sentimita mbili kwenda kando na mbili na ushee kwenda juu. Kijana aliyekuja kulifunga aliliegemeza upande mmoja na chini, akaijaza nafasi iliyobaki kwa plasta na kupaka silikoni juu yake. Ilipendeza. Jua la miezi miwili likaikausha plasta ile nyembamba hadi ikajitenga na fremu, na mvua ya kwanza kubwa ikapata njia.

Kitanda nacho kilikuwa na hadithi yake, na tulikuwa tumeivumilia kimya tangu mama afike. Baba Watoto alitaka mkwewe alale pazuri, kwa hiyo badala ya kwenda kwa seremala wa mtaani alinunua kitanda kilichotoka ng'ambo, kimeandikwa ubavuni 150 kwa 200. Godoro tulilinunua jirani, la tano kwa sita. Futi 5 ni sentimita 152 na futi 6 ni 183. Kwa upana godoro likawa limebanwa, limepanda kidogo katikati kama mkate uliozidi chombo. Kwa urefu likapungua sentimita 17, karibu shibiri, na hapo miguuni pakabaki shimo. Kila usiku blanketi la mama liliteleza humo. Mara mbili fimbo ilitumbukia, na mara moja mguu wake. Nilikuwa nimeliziba shimo kwa mablanketi ya zamani na kujiambia limekwisha.

Usiku ule wa mvua tulilitoa godoro, tukalilaza sebuleni, tukakaa hapo mimi na mama tukisubiri mvua ipungue. Nilimweleza nilichohisi: kwamba huenda mmoja alipima futi na mwingine sentimita. Nilidhani nitamchosha. Mama amelima viazi na mahindi maisha yake yote, na shule aliishia darasa la nne. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mimi nimeuza magunia miaka arobaini, mwanangu. Sijawahi kuuza kilo."

Anayelima nyanda zile atajua alichosema bila kufafanuliwa. Mnunuzi anakuja shambani na gunia lake tupu. Linajazwa viazi hadi mdomoni, halafu juu ya mdomo linawekewa kilemba: viazi vinapangwa vikipanda kama paa la msonge, vinashonewa neti na kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei imetajwa kwa gunia moja, na mbele ya macho ya wote linaitwa gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka biashara ifanyike kwa vipimo halali, Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipiga vita lumbesa kwa miaka mingi, na mazao hayatakiwi kufungashwa zaidi ya kilo 100 kwa gunia. Mwaka mmoja kaka yangu alilipeleka gunia moja la namna hiyo kwenye mizani, likafika kilo 138. Mama alilipwa la mia. Kilo 38 alizipanda, akazipalilia, akazichimba na kuzibeba kwa mgongo ule ule unaomuuma sasa, halafu akazitoa bure. "Na ukikataa," aliniambia, "anakwenda shamba la pili. Wa pili naye ana watoto wa shule."

Kisha akanitajia jambo ambalo nililijua kwa juu juu tu: ugomvi wa marehemu baba na jirani yetu. Baba alimuuzia ekari moja. Vijijini ekari ni sabini kwa sabini, hilo halina mjadala. Lakini sabini hizo zilikuwa za yadi, kipimo cha Mwingereza, ambacho kwa miguu ni hatua moja ndefu ya mtu mzima. Sabini kwa sabini za yadi ni yadi za mraba 4,900, na ekari ni 4,840, kwa hiyo wazee hawakukosea. Yadi ilipoondoka, watu waliishika sabini wakaiacha yadi. Baba alipima kwa hatua zake. Jirani alikuja na utepe wa mita akanyoosha sabini kila upande, na mita sabini kwa sabini ni mita za mraba 4,900, wakati ekari halisi ni 4,047. Tofauti ni mita za mraba 853. Hapo unapata viwanja viwili vya ishirini kwa ishirini na kipande kinabaki. Kila mmoja aliamini mwenziwe ni mwizi. Walikaa kanisa moja miaka tisa bila kupeana mkono wa amani, na baba alizikwa jirani akiwa amesimama mbali, barabarani.

"Wote wawili walisema sabini," mama alisema. "Na wote wawili walisema kweli."

Sikulala tena. Nilikuwa nawaza siku niliyokwenda kumpokea stesheni ya TAZARA Dar es Salaam. Nimesoma kidogo habari za reli, na usiku ule nilizipanga upya. Reli iliyomleta mama ina upana wa milimita 1,067, yaani futi 3 na inchi 6. Wachina waliijenga miaka ya 1970 kwa kipimo hicho ili iungane na reli za Zambia na kusini, zilizorithiwa kwa Waingereza. Reli ya Kati, iliyoanzwa na Wajerumani mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ina upana wa mita moja kamili. Na treni mpya ya umeme, inayopita Soga si mbali na kwetu, inakwenda juu ya reli ya milimita 1,435, ambayo asili yake ni futi 4 na inchi 8 na nusu za Uingereza ya karne ya 19. Nchi moja, reli tatu. Pale Kidatu, TAZARA inapokutana na tawi la Reli ya Kati, behewa haliwezi kuvuka kutoka njia moja hadi nyingine kwa magurudumu yake. Mzigo hushushwa na kupakiwa upya.

Ndivyo tulivyopokea vipimo pia, kila mtawala na utepe wake. Pwani palikuwa na pishi na vibaba, frasila na ratili, shibiri, dhiraa na pima. Wajerumani walikuja na mita, ambayo kwao ilikuwa sheria tangu 1872. Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya vita vya kwanza vya dunia wakaleta futi, maili, ekari na galoni. Baada ya Uhuru tukaanza kurudi kwenye mita na kilo, na Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982 ikaikamilisha kazi hiyo kwenye karatasi. Sheria ilibadilika. Futi kamba ikabaki na nyuso zake mbili, na sisi tukabaki kila mmoja na uso aliouzoea.

Wala si sisi peke yetu. Marekani walitunga sheria ya kuhamia mita mwaka 1975, wakaifanya ya hiari, na hadi leo wanauziana petroli kwa galoni. Kanada waliamua kuhama kweli, na mwaka 1983, wakiwa katikati ya safari hiyo, ndege yao ya abiria aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani. Ndege ilikuwa mpya na ilihesabu kwa kilo. Waliokokotoa mafuta walitumia kigezo cha ratili, na ratili haifiki hata nusu kilo. Rubani aliiteremsha bila injini kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi mji wa Gimli, na wote waliokuwamo wakapona. Nilipokisoma kisa hicho nilisikia baridi, kwa sababu nilikitambua. Namba ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni jina lake.

Asubuhi niliwapigia simu mwashi na fundi wa alumini, nikawaomba waje saa moja, pamoja. Walikuja wakiwa wamenuniana kabla hata hawajasalimiana. Mwashi alisema dirisha limekatwa dogo. Mwenzake akasema tundu limeachwa kubwa. Baba Watoto aliwapa viti na chai, kisha akawaomba kitu kimoja: wapime wote wawili, kwa futi kamba moja, huku mama akiwa ameketi pale.

Mwashi akanyoosha utepe tunduni, akasoma juu: futi nne. Akamkabidhi mwenzake. Fundi wa alumini akanyoosha utepe ule ule kwenye fremu, akasoma chini: mia moja ishirini. Wakatazamana. Kisha mwashi akafanya jambo ambalo nadhani hakuwahi kulifanya katika miaka yote ya kazi yake: akaushika utepe palepale kwenye alama ya futi nne, akashusha macho kwenye ukingo wa chini. Akasogeza utepe karibu na uso. "Mia na ishirini na mbili kasoro," alisema polepole. "Kumbe."

Hakuna aliyecheka. Fundi wa alumini akavua kofia, akamgeukia mama, si mimi. "Mama, utusamehe. Umelala kwenye maji kwa ajili yetu." Mama akamjibu, "Mmepima vizuri wanangu. Hamkuulizana tu."

Nikaenda kuileta ile karatasi ya daftari, nikawaonyesha. Nne kwa tano, bila jina. Niliwaambia kwamba mimi ndiye niliyeulizwa na nikajibu haraka. Sikuwa nataka kuwabebea lawama zao, lakini ile ya kwangu niliichukua, na hewa ikabadilika mle ndani. Wakaanza kushauriana.

Nilimuuliza mwashi kwa nini haachi futi. Alifikiri kwa muda. "Dada, nikimwambia mteja mlango wa sentimita tisini na moja, ananitazama tu. Nikimwambia futi tatu, anauona mlango." Naamini alisema ukweli mkubwa kuliko yote niliyosikia juu ya jambo hili. Kipimo hukaa machoni na mikononi kabla hakijakaa kwenye sheria. Futi tatu ni picha aliyoibeba tangu alipokuwa kibarua wa kumpelekea baba yake udongo. Ukimnyang'anya bila kumpa picha nyingine, umemfanya kipofu kazini. Kazi hiyo ya kujenga picha mpya haifanywi na gazeti la serikali kwa siku moja. Inafanywa na mwalimu anayempa mtoto utepe apime dawati lake, na chuo cha ufundi kinachomzoesha kijana milimita kabla mkono wake haujakomaa, na duka linalouza mbao kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni.

Sivichukii vipimo vya wazee. Jirani yetu wa upande wa kulia, kila mwisho wa Ramadhani, huchota mchele kwa pishi ya mbao aliyorithi kwa bibi yake, pishi moja kwa kila kichwa cha nyumba yake, na pishi ni vibaba vinne kama alivyofundishwa. Hakuna anayedhulumiwa pale, kwa sababu anayepima na anayepokea wanakitazama chombo kimoja. Shibiri ya mama yangu ilitosha kwa mikeka yote aliyosuka, maana msukaji na mpimaji alikuwa yeye yeye. Tatizo linakuja pale watu wasioonana wanapotakiwa kuaminiana: anayeacha tundu Kibaha na anayekata alumini Kariakoo, anayechimba kiazi Makambako na anayekila Dar es Salaam. Watu hao wanahitaji kipimo ambacho hakitegemei mguu wa mtu wala ukubwa wa gunia la mnunuzi. Hata inchi yenyewe, tangu mwaka 1959, imefungwa kwenye mita: ni sentimita 2.54, haizidi wala haipungui. Yaani wanaopima kwa inchi nao wanaegemea mita bila kujua. Basi tuegemee wazi.

Na anayeumia tukichanganya ni yule asiyeshika utepe. Hilo ndilo jambo ambalo usiku ule ulinifundisha na sitalisahau. Mwashi alilipwa, fundi wa alumini alilipwa, mwenye duka alilipwa. Aliyelala kwenye maji ni mama. Kwenye lumbesa, mnunuzi amepata, dereva amepata, na dalali sokoni kafungua kilemba akakiuza kwa kisado. Aliyepoteza kilo 38 ni mama yule yule.

Dirisha lilitengenezwa kwa siku mbili. Walilitoa lote, mwashi akapunguza tundu kwa zege yenye kokoto ndogo, akalisawazisha kwa pima maji, na safari hii fundi wa alumini alisimama pembeni akisoma milimita kwa sauti huku mwenzake akizirudia. Kitanda alikimaliza seremala wa mtaani: alitia boksi la mbao la sentimita 17 miguuni, lenye mfuniko, na mama sasa anaweka humo soksi na Biblia yake. Kwenye ukuta wa jikoni nimebandika karatasi yenye sheria moja ya nyumba yetu, na watoto wameikariri: namba haitoki mdomoni bila jina lake. Hata kijiko cha dawa ya kikohozi, kitinda mimba huuliza sasa, "Mililita ngapi, mama?"

Msimu wa kuvuna ulipokaribia, mama akasema anataka kwenda kusimamia viazi vyake. Nilimuuliza nimnunulie nini cha kubeba, nikidhani atataja shali au viatu vya joto. Akasema, "Mizani." Tulikwenda pamoja, akachagua mwenyewe ile ya kuning'iniza, na hakukubali kuondoka dukani hadi tulipoelezwa namna ya kuipeleka kuhakikiwa na kupigwa chapa ya Wakala wa Vipimo. Aliibeba mapajani safari nzima ya kwenda stesheni, kama alivyozoea kuibeba fimbo yake.

Wiki tatu baadaye alinipigia simu. Kaka yangu alikuwa ameitundika mizani kwenye tawi la mparachichi nje ya ghala. Mnunuzi wa kwanza aliitazama akawasha gari. Wa pili alibishana, akatukana kidogo, naye akaondoka. Mama alikaa kwenye kigoda chini ya mti hadi jioni, gunia la kwanza likiwa limening'inia palepale.

"Wa tatu je?" niliuliza.

"Wa tatu alisoma," alisema. "Kilo mia moja. Akasoma kwa sauti, mwanangu, na mimi nikasoma naye."